Swali la Saba

Jumatatu ya wiki ya pili ya Kwaresima daktari alifungua kitambaa kwenye mguu wa Baba Iskandar, akainama, akanusa kabla ya kutazama, kisha akauliza azungumze na nani.

"Zungumza na mimi," alisema Baba Iskandar. "Mguu ni wangu."

Daktari akamwambia. Kisukari kilikuwa kimeshavila vidole viwili vya mguu wa kushoto. Vitolewe wiki hiyohiyo, la sivyo kabla ya Pasaka watakuwa wanazungumzia goti. Hospitali ingempokea hata kesho, ila ingetaka dola taslimu kabla ya kumpa kitanda. Maneno hayo ya mwisho daktari aliyasema akitazama dirishani, maana utotoni alikuwa akipanda basi la Baba Iskandar kwenda shule, na kiti chake kilikuwa nyuma ya dereva.

Miaka thelathini na moja Shafik, ambaye sisi wa mji wa Zahle sote tunamwita Baba Iskandar, aliendesha basi la shule ya masista. Akiba yake aliiweka benki, na benki ilifunga mlango mwaka ule fedha ya nchi ilipoanguka. Siku hizi yeye na mkewe Nuhad waliishi kwa mboga walizopanda kwenye makopo dirishani, kwa dengu, na kwa nguo ambazo Nuhad aliwapunguzia watu mikono na mapindo.

Walipanda ngazi za mtaa wao polepole, yeye akijishika ukutani, Nuhad akimshika kiwiko.

"Tumpigie Iskandar," alisema Nuhad.

"Usimsumbue mtoto. Brazili ni mbali, ana shughuli zake."

"Mtoto ana miaka thelathini na sita."

"Basi ana shughuli za mtu wa miaka thelathini na sita."

*

Nuhad alimpigia hata hivyo. Alisubiri mumewe alale mchana, akatoka na simu hadi penye kamba za nguo, ambako majirani wangeona tu mwanamke anaanua.

Iskandar alipokea akicheka, kama kawaida yake. Mambo ni mazuri, biashara ya vitambaa inakwenda, kuna joto. Nuhad naye akasema kama kawaida yake kwamba wao ni wazima, kwamba mlozi wa jirani umechanua. Kisha akamwambia habari za mguu.

"Mama," alisema Iskandar, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "sina duka. Nililifunga mwaka juzi. Nabeba marobota sokoni siku wakinihitaji."

"Na siku wasipokuhitaji? Unakula nini?"

"Kuna kanisa, mafrateri wanapika. Unasimama kwenye foleni mchana. Wali, maharage, siku nyingine kuku."

Nuhad aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Swali lililomtoka halikuwa lile ambalo mama mwingine angeuliza.

"Wanakuuliza nini, hao mafrateri?"

"Wananiuliza kama nataka kuongezewa."

"Basi?"

"Basi. Mama, usimwambie baba."

"Simwambii," alisema Nuhad.

*

Ili jambo lieleweke, ni lazima isemwe hapa kwamba kwa miaka kumi na minane Nuhad ndiye aliyekuwa katibu wa Kamati ya Huruma ya parokia yetu. Aliyetaka mafuta ya kupashia nyumba wakati wa theluji, au kapu la chakula, au dawa, alipita kwake. Hakuwa mwanamke mkatili. Aliamka kabla ya mwangaza kupeleka mikate milangoni kwa watu walioona haya. Lakini sadaka ni ya Mungu, alikuwa akisema, na mali ya Mungu haimwagwi ovyo. Siku moja iligunduliwa kwamba familia iliyokuwa ikipokea kapu kila mwezi ilikuwa na mtoto Kanada aliyewanunulia gari. Nuhad alirudi nyumbani, akakaa mezani, na kwa mwandiko wake ulioinama kulia akaandika fomu yenye maswali saba. La saba lilikuwa hili: *Kuna mtoto au ndugu ughaibuni? Akiwapo, msaada usitolewe.*

Aliacha kamati miaka miwili nyuma akisema magoti yanamsumbua. Magoti hayakuwa na neno. Kila mkutano wanakamati walipitisha bahasha na kila mmoja akatia chochote, na miezi mitatu mfululizo Nuhad alikuwa ametia ngumi tupu, ili wadhani ametoa kitu.

Sasa alikwenda kwa Padri Ghattas, akamkuta akibandua nta ya mishumaa kwa kisu.

"Mama Iskandar, mimi ningekupa leo," alisema Padri. "Lakini fedha iko kwa kamati, nayo haitoi bila kutembelea nyumba. Wewe ndiye uliyenikataza nisiwape watu kwa huruma ya ghafla. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Padri."

"Watakuja kesho."

"Wasinipe taarifa ya saa," alisema Nuhad. "Hatutoi taarifa ya saa."

*

Walikuja saa nne asubuhi, Bi Latife, mwenyekiti, na Rima, msichana wa duka la dawa aliyerithi kazi ya ukatibu. Bi Latife alimbusu Nuhad mara tatu, akamsifu kwa mapazia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Rima akatoa fomu. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, herufi zimenenepa na kuvuja, lakini Nuhad aliujua mwandiko wake.

"Ni utaratibu tu, shoga yangu," alisema Bi Latife. "Majibu tunayajua."

"Ulizeni yote."

Wakauliza majina, wakauliza kodi, wakauliza nani mgonjwa na anameza nini. Walipofika swali la nne, la chakula kilichomo nyumbani, Rima aliinuka nusu, akasita.

"Kaa, Rima," alisema Bi Latife.

"Mwache atazame," alisema Nuhad. "Ningekuwa mimi ningetazama."

Msichana akaenda jikoni, akafungua friji. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo akalazimika kuinama kwenye giza. Kulikuwa na sufuria ya dengu, zeituni kwenye chupa, nusu limau, na insulini ya mzee imefungwa kwa kitambaa chenye maji.

"Mwambieni akifunga asukume kwa goti," sauti ya Baba Iskandar ilitoka chumbani. "Mpira wa mlango umechoka kama mimi."

Hakuna aliyecheka ila yeye mwenyewe.

Wakafika la saba. Rima alilisoma kimoyomoyo, akamtazama mwenyekiti. Bi Latife akachukua kalamu mkononi mwa msichana na kuifunika.

"Hili tutaliacha wazi."

Nuhad alijua kwamba hapo ndipo mahali pa kusema neno. Aliziona nyumba alizozikataa kwa swali hilo, akaziona kwa milango yake: wa kijani wa juu ya ngazi, wa bati karibu na mto, wa Mama Tanios uliokuwa na picha ya Mtakatifu Barbara. Nyumba hizo hazikuachiwa swali wazi. Lakini kutoka chumbani ilikuja harufu ya mguu, ile harufu ambayo sabuni haiwezi kuitoa, naye akanyamaza.

"Na picha," alisema Rima kwa aibu. "Wafadhili wa Ufaransa siku hizi wanataka picha. Tunapiga mikono tu, uso hauonekani."

"Njoo unipige uso," Baba Iskandar aliita. "Kama nauzwa, niuzwe mzima."

*

Alilazwa Alhamisi. Vidole viwili vikatoka, na cha tatu nacho, kwa sababu tangu Jumatatu siku zilikuwa zimeshapita. Daktari alisema mguu umesalimika na wamshukuru Mungu.

Nuhad alikaa kwenye kiti cha wodi siku nzima akimshukuru. Alasiri aliingia mwanamke mwembamba mwenye koti la bluu la wasafishaji, akisukuma ndoo. Alipiga deki kitanda hadi kitanda bila kuinua kichwa, mpaka akafika kwao.

"Inua miguu, Mama Iskandar."

Nuhad akainua, na hapo ndipo alipomtambua. Alikuwa Wadia, Mama Tanios.

"Pole kwa mgonjwa," alisema Wadia.

"Ahsante, dada. Sikujua unafanya kazi hapa."

"Mwaka wa nne huu." Akakamua tambara. "Nimesikia kamati imewalipia. Vizuri. Mguu ni mguu."

"Ndiyo."

"Na lile swali la saba walikuuliza?"

Miguu ya Nuhad ilikuwa bado hewani. Baba Iskandar alikuwa usingizini, mdomo wazi.

"Hawakuniuliza," alisema.

"Nilijua." Wadia hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesikia bei ya kitu aliyokwisha kuikisia. "Mimi uliniuliza. Nikakwambia Tanios yuko Kuprosi, anaosha vyombo, hatumi kitu. Ukasema, mama, kila mtu hunieleza hivyo. Ukaandika. Ndio mwaka ule wa theluji kubwa."

"Nakumbuka theluji."

"Mimi nakumbuka mlango. Tuliuchoma mlango wa chumba cha kulala, mama mkwe asife kwa baridi. Ukiupasua vizuri unakaa siku mbili." Akasukuma ndoo mbele. "Hakufa. Shusha miguu sasa, pamekauka."

"Wadia, nisamehe."

"Mimi sina kazi na samahani yako, Mama Iskandar. Samahani siwezi kuitia kwenye jiko. Kama una la kusema, kaseme kule kulikoandikwa."

Akaendelea na kitanda cha pili.

*

Kamati hukutana Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba, katika chumba cha nyuma ambamo makapu hupangwa. Nuhad aliingia bila kubisha hodi, akabaki amesimama. Walikuwa watano na Padri. Bi Latife akasogeza kiti.

"Karibu, Mama Iskandar. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Nimekuja kwa ajili ya swali la saba. Naomba lifutwe."

Walitazamana. Bwana Naoum, aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na ambaye kila Jumapili hupitisha kikapu cha sadaka, akavua miwani.

"Swali lile wewe ndiye uliyeliandika."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyerukwa nalo. Iskandar yuko Brazili, na nyote mnajua."

"Ulikuwa na shida ya kweli," alisema Bi Latife. "Tulikufanyia hisani, Nuhad. Tena kwa siri. Kuna haja gani ya kuitangaza?"

"Na walionijia mimi shida zao zilikuwa za nini?"

"Tukifungua mlango huo, foleni itafika Beirut," alisema Bi Latife. "Nani hana mtoto nje siku hizi? Nchi nzima iko nje."

Nuhad alishika mgongo wa kiti. Alikuwa ameahidi penye kamba za nguo, na sasa alikuwa anakwenda kuivunja ahadi hiyo mbele ya watu sita ambao kufikia jioni wangekuwa wameiambia Zahle yote. Alilijua hilo vizuri, maana naye kwa miaka kumi na minane alikuwa akitoka chumba hiki na habari za watu.

"Mwanangu anakula kwa mafrateri," alisema. "Anasimama kwenye foleni na bakuli. Hana duka. Mnafikiri anatuma? Kama huko nako kungekuwa na mtu kama mimi, angemuuliza kama ana wazazi nyumbani kwao, na nyumba, na mzabibu uani, na angemwambia aende zake."

Rima alikuwa ameinamia daftari. Bi Latife alimtazama rafiki yake kwa namna mpya, na Nuhad aliliona jicho hilo, akalijua, kwa kuwa alikuwa akilitumia mwenyewe kwa watu: jicho la upole lenye kukushusha ngazi moja.

"Na waongo?" aliuliza Bwana Naoum. "Tutawajuaje?"

"Hatutawajua. Nimedanganywa miaka yote hiyo nikiwa na fomu mkononi, Bwana Naoum. Walionishinda ni waongo. Niliowashinda ni wakweli."

"Makapu yatapungua uzito," alisema Bi Latife.

"Yapungue. Mwanze na langu."

Hawakukubali kama alivyotaka. Walibishana mpaka taa za jenereta zikawaka, na mwisho wakaamua swali lisimamishwe hadi Pasaka, kisha waone. Padri Ghattas alisema tu kwamba waliokataliwa ni lazima waambiwe, na aende mtu wanayemfahamu.

Nuhad aliipitia milango yote aliyoikumbuka. Wengine walimkaribisha kahawa. Wa mlango wa kijani walikuwa wamehama zamani. Mama Tanios alimsikiliza akiwa amesimama kizingitini, koti la kazi begani.

"Baridi imekwisha," alisema.

"Najua."

"Bado hatujapata mlango." Akafikiri kidogo. "Basi mwambie huyo msichana aje. Lakini aje yeye. Wewe usije naye."

"Sitakuja," alisema Nuhad.

*

Baba Iskandar alirudi nyumbani Jumanne. Jumatano mwenye duka la mboga alimpa pole kwa habari za mtoto. Nuhad aliporudi na mkate alimkuta amekaa kitandani, mguu juu ya mto, uso umegeukia ukutani.

"Umemwambia Latife kabla yangu," alisema.

"Aliniomba nisikwambie wewe."

"Na Zahle nzima hakukuomba usiiambie?"

Nuhad alikata mkate, akaweka zeituni, akamwekea sahani magotini. Mzee hakula. Siku mbili alizungumza naye kwa mambo ya mguu tu: kitambaa, maji ya chumvi, fimbo. Siku ya tatu alimwomba simu. Nuhad akatoka nje, akafunga mlango. Halafu akamsikia mumewe akiuliza, kwa ile sauti ya dereva anayeuliza nani bado hajapanda, "Na kuku wanampika vipi hao?" Baadaye kidogo akamsikia akicheka, na kicheko kikakatika katikati.

Jumapili alitaka kwenda misa. Walishuka ngazi kwa nusu saa, yeye na fimbo mbili, watu wakiwapisha kwa heshima nyingi kuliko ilivyohitajika. Walikaa benchi la nyuma. Baada ya mahubiri Padri alitangaza mchango wa maskini wa Kwaresima, na Bwana Naoum akaanza kupitisha kikapu, benchi kwa benchi.

Alipofika kwao, Bwana Naoum alifanya jambo alilodhani ni la adabu. Alitazama juu, kwenye sanamu, akakivusha kikapu mbele yao haraka, kuelekea kwa familia ya upande wa pili.

Baba Iskandar akanyoosha mkono, akakamata ukingo wa kikapu.

"Mbona unaturuka?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kanisa lilikuwa kimya, na vichwa viligeuka. Bwana Naoum akawa mwekundu.

"Shafik, ndugu yangu, nyinyi mko kwenye... nilifikiri..."

"Ngoja."

Aliachia fimbo moja, ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Akaanza kupekua mfuko wa koti.

"Baba Iskandar," Nuhad alinong'ona, "tumepewa kutoka kikapu hikihiki."

"Najua tulikopewa." Alikuwa bado anapekua. "Kuna mtu Brazili alitia kitu kwenye kikapu, mwanangu akala. Hanijui, na mimi simjui. Unataka nimlipe vipi?"

Alipata noti moja ya lira, ya zile kuukuu ambazo siku hizi hazinunui hata nusu ya mkate. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Aliikunjua, akainyoosha juu ya paja kwa kiganja, kona moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote. Bwana Naoum alisimama ameinama, akishika kikapu kwa mikono miwili, akasubiri.